Kompyuta Mbili Ndani ya Nyumba Moja: Mbona Hazionani?

Mkutano wa kikundi cha kuweka na kukopa ulikuwa umeanza vizuri. Sanduku lilikwisha funguliwa kwa funguo zake tatu. Hisa zilikwisha nunuliwa. Katibu akasimama kusoma orodha ya wadaiwa. Akafika kwenye jina la mama mmoja wa makamo.

"Unadaiwa shilingi 80,000," akasoma.

Yule mama akainuka. "Mimi? Si nililipa wiki mbili zilizopita, hapa hapa, mbele yenu?"

Watu wakaguna. Wengine walikumbuka kumwona akilipa. Wengine hawakukumbuka. Na karatasi ile ilikuwa imechapwa kwa kompyuta, safi, mistari imenyooka. Mnajua wenyewe karatasi ya kompyuta inavyotisha. Mtu akiandikwa humo kuwa anadaiwa, nani atamwamini kwa mdomo tu?

Bahati nzuri mweka hazina alikuwa na daftari lake la mkono. Likafunguliwa, na malipo yakaonekana. Mama yule hakuwa mdaiwa, wala mweka hazina hakuwa mwizi. Lakini aibu ilikwisha mpata mama wa watu mbele ya wenzake thelathini.

Basi karatasi ile ilitoka wapi? Tulikwenda nyumbani kwa mweka hazina tukajionea. Mambo tuliyoyakuta huko yanaweza kuikuta nyumba yoyote yenye kompyuta zaidi ya moja, ndiyo maana tunayaeleza hapa.

FAILI MOJA LIKAWA MAWILI

Mweka hazina huyo ana duka la steshenari mbele ya nyumba yake. Dukani ipo kompyuta ya mezani pamoja na printa. Kijana wake ndiye anayehudumia wateja: anachapa barua, anatoa kopi, anasafisha picha za pasipoti. Chumbani, mama ana kompyuta mpakato, ile ndogo inayokunjwa kama kitabu. Usiku kazi za nyumba zikiisha, anaketi nayo na kuandika hesabu za kikundi.

Zamani walikuwa wakitumia flashi. Mama anaandika, ananakili faili kwenye flashi, kijana analipeleka dukani kuchapa. Lakini ukinakili faili, faili moja linakuwa mawili. Ukiandika kwenye moja, lile jingine halijui. Kwa hiyo waliamua faili la hesabu likae mahali pamoja tu, kwenye kompyuta ya dukani, na mama alifungue kutoka chumbani kwa njia ya mtandao wa nyumbani. Kwa miezi miwili kazi ilikwenda vizuri.

Kisha siku moja kompyuta ya chumbani ikakataa. Kila mama akijaribu kulifungua lile faili, skrini inamwambia kuwa haiwezi kuifikia kompyuta ya dukani. Siku zikapita. Mkutano ukakaribia. Wakarudi kwenye flashi. Kijana akachapa faili lililokuwa dukani, na kumbe lilikuwa la zamani. Malipo ya wiki mbili hayakuwemo. Ndiyo ile karatasi iliyosomwa mkutanoni.

MTANDAO WA NYUMBANI SI INTANETI

Kwanza tuondoe kosa moja ambalo watu wengi wanalo. Kijana wa duka alituambia, "Nadhani ni bando, limekwisha." Sivyo.

Ndani ya nyumba ile kuna kijisanduku chenye taa ndogo, kinaitwa ruta. Kompyuta ya dukani imeunganishwa nacho kwa waya. Ya chumbani imeunganishwa nacho kwa waifai, yaani bila waya. Ruta ina kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuzipeleka kompyuta nje, kwenye intaneti. Kazi hiyo ndiyo inayohitaji bando. Kazi ya pili ni kuziunganisha kompyuta za ndani ya nyumba, zipate kupeana mafaili. Kazi hii haihitaji bando hata kidogo. Bando likiisha, au mnara wa simu ukizimika, faili linaweza kutoka chumbani hadi dukani kama kawaida, mradi ruta ina umeme.

Huwezi kusema umeshindwa kwenda kwa jirani kwa sababu basi la kwenda mjini halikuja.

Basi mama anapotaka faili, kompyuta yake inafanya safari fupi. Lazima pawe na njia. Lazima ijue namba ya nyumba inayokwenda. Ikifika, itakuta mlango na mlinzi. Mlinzi ataomba ufunguo. Na hata ikiingia ndani, lazima iwe imeruhusiwa kuingia chumba kile chenye faili. Safari inaweza kukwama popote hapo. Taabu ni kwamba skrini mara nyingi inatoa maneno yale yale tu: imeshindwa kufika. Haikuambii imekwama njiani au mlangoni. Hilo inabidi ulitafute mwenyewe, kuanzia njiani, hatua kwa hatua.

Chukua daftari. Kila unachokigusa, kiandike. Na ubadilishe kitu kimoja tu, kisha ujaribu. Mtu akibadilisha vitu vitano kwa mpigo, hata kazi ikikubali hajui dawa ilikuwa ipi, wala hajui ameharibu nini kingine. Mtaona baadaye jambo hili lilivyomponza kijana wetu.

ANZIA NJIANI

Je, kompyuta yenye faili imewashwa? Msicheke. Kompyuta nyingi, zikikaa bila kuguswa kwa muda, hujilaza zenyewe ili zisile umeme. Skrini inakuwa nyeusi. Mtu aliyeko chumbani hajui. Kompyuta iliyolala haimjibu mtu. Ukiona kila asubuhi mambo ni mazuri na kila jioni yanakwama, hapo ndipo pa kuangalia kwanza. Ingia kwenye mipangilio ya umeme ya kompyuta hiyo, uizuie isilale wakati wa kazi.

Angalia waya. Pale waya unapoingia kwenye ruta kuna taa ndogo. Kama haiwaki, chomoa uchomeke tena mpaka usikie mlio wa "ka!" Panya nao hupenda waya za mtandao, usiwasahau.

Kisha uliza: je, kompyuta zote mbili ziko kwenye mtandao mmoja? Siku hizi nyumba moja inaweza kuwa na waifai mbili au tatu. Ipo ya ruta, ipo ya simu ya baba, ipo ya jirani ambayo watoto wameipata namba yake. Kompyuta ya chumbani ikijiunga na simu ya baba, na ya dukani ikabaki kwenye ruta, haziwezi kuonana ingawa zote zina intaneti. Soma jina la waifai kwenye skrini, herufi kwa herufi. Tena zipo ruta zinazotoa waifai mbili, moja ya wenyeji na moja ya wageni. Ile ya wageni kwa kawaida huzuia vyombo visionane. Imewekwa hivyo kwa makusudi, na ni jambo jema, maana hutaki mteja anayengoja kopi aone mafaili yako.

NAMBA YA NYUMBA

Kila kompyuta iliyo kwenye mtandao hupewa namba na ruta. Ili kuiona kwenye kompyuta ya Windows, bonyeza kitufe chenye alama ya dirisha, andika "cmd", halafu bonyeza Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Ndani yake andika neno hili: "ipconfig". Bonyeza Enter tena. Yatatokea maneno mengi ya Kiingereza. Usiogope. Tafuta mstari ulioandikwa "IPv4 Address". Mwisho wa mstari huo ndipo ilipo namba.

Katika nyumba ile kompyuta ya dukani ilikuwa na namba 192.168.1.10, na ya chumbani 192.168.1.12. Tazama: mafungu matatu ya mwanzo yanafanana, fungu la mwisho tu ndilo tofauti. Nyumbani kwa kawaida inatakiwa hivyo. Mafungu ya mwanzo yakitofautiana, huenda kompyuta zako ziko kwenye mitandao miwili. Na ukiona namba inaanza na 169.254, maana yake kompyuta hiyo iliomba namba kwenye ruta, haikupata, ikaamua kujipa yenyewe. Rudi kwenye waya au kwenye ruta, usiendelee mbele.

Umeme ukikatika na kurudi, ruta inaweza kugawa namba upya. Kompyuta iliyokuwa 10 ikawa 15. Kama ulizoea kuifikia kwa namba, utapotea. Ndiyo maana ni afadhali kuifikia kwa jina lake. Lakini wakati wa kutafuta kosa, namba ni bora, kwa sababu ukifika kwa namba na ukashindwa kufika kwa jina, unajua kuwa njia ni nzima na kosa liko kwenye jina tu.

Sasa piga hodi. Katika lile dirisha jeusi kwenye kompyuta ya chumbani tuliandika "ping", tukaacha nafasi, tukaandika namba ya kompyuta ya dukani. Yaani: ping 192.168.1.10. Neno hili huituma kompyuta yako kupiga hodi kwa mwenzake na kungoja jibu.

Majibu ni ya aina tatu, na lazima usome mstari mzima. Mstari ukianza na "Reply from" na kufuatiwa na namba ya ile kompyuta nyingine na muda, umejibiwa "karibu". Ukisoma "Destination host unreachable", hakuna mtu katika nyumba hiyo: imezimwa, imelala, au njia imekatika. Angalia usidanganyike, maana mstari huo nao unaweza kuanza na "Reply from", lakini ukitazama vizuri utaona namba iliyofuata ni ya kompyuta yako mwenyewe. Umejijibu mwenyewe. Anayesoma maneno mawili ya mwanzo na kuacha mengine atafurahi bure.

Jibu la tatu ndilo tulilolipata sisi: "Request timed out". Maana yake muda wa kungoja umekwisha, hakuna aliyejibu. Hapo yule kijana akasema, "Basi, waya umekufa." Tukamwambia, ngoja kwanza. Kwenye mtandao wa nyumbani, jibu hili mara nyingi lina maana nyingine. Nyumba ipo na mtu yumo ndani, ila mlinzi amekataza kuitikia hodi. Kwa hiyo tukaacha mambo ya waya, tukaenda mlangoni.

MLINZI WA MLANGONI

Ndani ya Windows kuna programu ya ulinzi ambayo mafundi wanaiita faiawoli. Ndiye mlinzi wetu. Kila kompyuta inapokutana na mtandao mpya, mlinzi huyu anataka kujua: hapa ni nyumbani, au ni mahali pa watu wote kama stendi ya mabasi? Majibu yameandikwa kwa Kiingereza. "Private" ni nyumbani, kwa watu unaowaamini. "Public" ni mahali pa watu wote. Yaandike maneno haya mawili ukutani karibu na kompyuta, kwa sababu yanafanana kwa herufi ya kwanza na watu wengi huyachanganya.

Ikiwekwa "Public", kompyuta hujificha. Intaneti inafanya kazi, barua pepe zinakuja, kila kitu ni kizuri, ila kompyuta nyingine za nyumbani haziioni. Na mtandao mpya usipoambiwa chochote, mara nyingi Windows huuweka kwenye "Public", kwa usalama.

Tukamwuliza mama, "Je, kuna kitu kilibadilika kabla ya kompyuta kukataa?"

Akafikiri. "Hapana... Isipokuwa ile ruta. Umeme ulirudi kwa nguvu ikaungua. Tukanunua nyingine."

Basi jibu ndilo hilo. Kwa macho yetu ruta mpya ni kijisanduku kama kile cha zamani. Kwa kompyuta ya dukani ulikuwa mtandao mgeni kabisa. Mlinzi akasema: sijui hapa ni wapi, nafunga mlango. Hakuna aliyekosea. Hakuna kilichoharibika. Kompyuta ilifanya kazi yake sawasawa, na kikundi kizima kikaingia katika fitina.

Kurekebisha ni kazi ya dakika moja. Kwenye kompyuta yenye faili fungua "Settings", ingia palipoandikwa "Network & internet", bonyeza mtandao unaoutumia, kisha chagua "Private". Halafu, katika mipangilio ya kutumia mafaili kwa pamoja, hakikisha mambo mawili yamewashwa: "Network discovery", ambayo huifanya kompyuta ionekane, na "File and printer sharing", ambayo hufungua mlango wa mafaili na printa. Fanya hivi kwenye mtandao wa nyumbani kwako tu. Ukibeba kompyuta mpakato kwenda mjini na kujiunga na waifai ya hoteli, iache kwenye "Public".

Tukapiga hodi tena. Mara hii ikaitikia. Kijana akapiga makofi.

Lakini mama alipobonyeza faili, kompyuta ikamwomba jina na neno la siri. Akaandika. Ikakataa. Akaandika tena polepole, akitaja kila herufi kwa sauti. Ikakataa.

KOSA LA PILI, LA KUJITAKIA

Hapa kijana akaanza kuangalia chini. Mama yake akamwuliza, "Mwanangu, umefanya nini?"

Ikajulikana kuwa wiki iliyopita, katika kuhangaika, alidhani neno la siri ndilo linalozuia. Akaliondoa kabisa kwenye kompyuta ya dukani, ili mtu akiwasha aingie moja kwa moja. Na hakuandika popote kwamba amefanya hivyo.

Mtu anaweza kufikiri: nyumba isiyo na kufuli ni rahisi zaidi kuingia. Kwa kompyuta sivyo. Windows ina sheria yake: akaunti isiyo na neno la siri inaweza kutumiwa na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta hiyo tu. Anayekuja kwa njia ya mtandao na akaunti ya namna hiyo anakataliwa. Kwa hiyo kijana alidhani anafungua mlango, kumbe alikuwa akiongeza komeo. Na kwa kuwa kosa la kwanza lilikuwa bado lipo, hakuweza kuona kuwa ameongeza la pili.

Lipo kosa jingine la ufunguo ambalo tumeliona kwa watu wengi, nalo ni la PIN. Kompyuta za siku hizi huwashwa kwa namba fupi, kama namba ya siri ya kutumia pesa kwenye simu. Mtu akiombwa neno la siri na kompyuta ya mbali, anaandika namba ile ile. Inakataliwa. PIN ni ya kuwashia kompyuta ile moja tu na haisafiri. Kinachotakiwa ni neno la siri lenyewe la akaunti, na tena ni la akaunti iliyoko kwenye kompyuta yenye faili. La kompyuta uliyoishika halina kazi hapa. Ukienda kwa jirani unafungua kufuli lake kwa ufunguo wake, wa kwako hautasaidia.

Tuliwashauri wafungue akaunti mpya ya kawaida kwenye kompyuta ya dukani, kwa kazi ya hesabu za kikundi tu, na waipe neno la siri refu. Akaunti ya kijana nayo ikarudishiwa neno lake. Mama akaandika jina la akaunti mpya na neno lake pale chumbani, akaiambia kompyuta ilikumbuke. Mkilibadilisha neno hilo baadaye, kumbukeni kuwa kompyuta ya chumbani itaendelea kupeleka lile la zamani ililolikumbuka, na itakataliwa. Lifuteni lile la zamani mwandike jipya.

Folda ikafunguka. Faili likaonekana. Mama akaandika malipo ya 80,000, akataka kuhifadhi. Ikakataa tena!

Hili lilikuwa dogo. Akaunti mpya ilikuwa imepewa ruhusa ya kusoma folda, haijapewa ya kuandika. Ni vitu viwili. Kwenye folda ile, palipoandikwa "Sharing", tulichagua akaunti ya hesabu na kuipa ruhusa ya kusoma na kuandika, "Read/Write". Mkipata shida hapa, mjue kuwa Windows hupima ruhusa mara mbili, ya mlango wa mtandao na ya folda yenyewe, na ile iliyo kali zaidi ndiyo inayoshinda.

USHAURI MBAYA WA KUFUNGUA KILA KITU

Wapo watu ambao dawa yao ni moja tu: zima faiawoli, ondoa maneno ya siri, ruhusu diski nzima kwa kila mtu. Kweli, mara nyingine mafaili yataonekana. Hata ukibomoa ukuta wa nyumba utapata njia ya kupita. Katika duka ambalo wateja wanachomeka flashi zao kutwa nzima, huo ni wazimu. Toeni folda moja tu inayohitajika, kwa akaunti moja inayohitajika.

Kuna sababu. Lugha ambayo kompyuta za Windows hutumia kupeana mafaili inaitwa SMB. Lugha hiyo ina toleo la kwanza, la zamani sana, lenye udhaifu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilianza kusambaa duniani kwa kupitia udhaifu huo. Kiliruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao, bila mtu kubofya kitu, kikafunga mafaili ya watu na kudai fedha. Kilifika nchi zaidi ya 150. Uingereza hospitali zilishindwa kufungua kumbukumbu za wagonjwa, zikaahirisha matibabu. Na dawa ya udhaifu ule ilikuwa imetolewa na kampuni ya Microsoft tangu Machi mwaka ule ule. Waliopatwa wengi walikuwa hawajaiweka.

Baadaye mwaka huo huo Windows 10 mpya zikaanza kutolewa bila lugha ile ya kwanza. Ndiyo maana ukiwa na kompyuta kuukuu ya Windows XP, ambayo haijui lugha nyingine, haitasikilizana na kompyuta mpya. Fundi anaweza kukurudishia lugha ya zamani kwenye kompyuta mpya. Usikubali. Heri ile kuukuu ipumzike, au itumike peke yake bila mtandao. Windows 7 inaijua lugha ya pili, kwa hiyo inaweza kusikilizana na mpya, ingawa matunzo yake ya kawaida yalikoma Januari 2020. Ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya dukani kwa mama huyu ni hiyo. Tulimwambia aanze kuiwekea akiba ya kuibadilisha. Akacheka, akasema akiba anaijua.

MAMBO MAWILI AMBAYO SI KOSA

Siku ya pili kijana alikuja mbio: "Imekataa tena! Inasema faili limefungwa!" Tukamwuliza mama yuko wapi. Yuko chumbani, amelifungua faili lile la hesabu. Basi kompyuta ilikuwa sahihi. Mmoja akiwa anaandika kwenye faili la hesabu la namna hii, wa pili hupewa kulisoma tu. Wangeandika wote wawili kwa pamoja, mmoja angefuta kazi ya mwenzake. Anachotakiwa ni kugonga mlango wa chumbani na kusema, "Mama, lifunge kidogo nichape." Asilinakili kwa jina jingine ili aendelee, maana hapo tunarudi kule kule kwenye faili mawili.

La pili ni la hatari. Ukifuta faili kwenye kompyuta uliyoishika, kwa kawaida linakwenda kwenye pipa la taka, unaweza kulirudisha. Lakini faili lililoko kwenye kompyuta ya mbali, ukilifuta kwa njia ya mtandao, kwa kawaida halipiti pipani. Limekwenda. Kwa hiyo flashi haikutupwa kabisa katika nyumba ile. Kila Ijumaa, baada ya kuchapa, mama ananakili faili kwenye flashi na kuandika tarehe kwenye jina lake. Flashi hiyo haitumiki kuandikia wala kuchapia. Inawekwa ndani ya sanduku la kikundi, chini ya zile kufuli tatu, pamoja na daftari la mkono.

Mkutano uliofuata katibu alileta orodha mpya. Kabla hajaanza kusoma, yule mama aliomba apewe karatasi mwenyewe. Akapewa. Akavaa miwani, akashusha kidole mstari kwa mstari mpaka kwenye jina lake, akakivusha hadi safu ya mwisho, akasoma kwa sauti: "Deni, sifuri." Akamrudishia katibu karatasi yake, akaketi.